Kwa nini tunalia na kukasirika mtu maarufu anapofuatilia ukoo wake kwenye televisheni

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mafinga. Nyumbani tunapenda kuangalia vile vipindi vya Uingereza na Marekani ambamo watu maarufu hufuatilia historia ya ukoo wao. Mimi hutokwa machozi. Kaka yangu hukasirika, anasema wanajitafutia sifa na wengine wanaficha mabaya ya wazee wao. Bibi anashangaa, anauliza mtu mzima anawezaje kutojua jina la babu yake. Nani kati yetu anaona sawasawa? Tena, vipindi hivyo vilinifanya nimuulize baba mkubwa habari za mama yake babu, akaniambia niache kufukua mambo. Je, nasi tunaweza kufuatilia ukoo wetu bila kuleta ugomvi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na unisalimie bibi. Nitaanza na suala la watazamaji, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali lako la mwisho. Kwa maoni yangu, watazamaji wa vipindi hivi hawaguswi sana na umaarufu wa mtu, wala hawaguswi sana na ukubwa wa yale yaliyowapata wahenga wake. Wanaguswa na namna anavyoipokea habari asiyoitarajia, mbele ya watu, pale karatasi inapokanusha hadithi aliyokuzwa nayo. Machozi yako, hasira ya kaka yako na mshangao wa bibi vyote vinatoka hapo, ila kila mmoja wenu anatazama upande wake.

Chukua mfano wa Jeremy Paxman. Kipindi cha BBC kiitwacho Who Do You Think You Are? kilianza mwaka 2004, na kufikia 2006 kilikuwa kimependwa kiasi cha kuhamishiwa BBC One, chaneli kuu ya shirika hilo. Mwaka huo Paxman, mtangazaji aliyeogopwa kwa namna alivyowabana wanasiasa kwa maswali, alikubali kufuatiliwa ukoo wake ingawa hakuonyesha shauku kubwa na jambo hilo. Miongoni mwa wahenga wake alikuwemo mjane mmoja wa Glasgow, mwenye watoto wa kulea na asiye na kitu, ambaye alikatiwa msaada wa maskini baada ya barua isiyo na jina kudai kwamba alikuwa amezaa nje ya ndoa. Habari hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya ofisi, kwa lugha kavu ya karani anayefunga jalada na kuchukua lingine. Paxman, akisoma kumbukumbu za ufukara wa watu wake, alitokwa na machozi mbele ya kamera.

Watu walioguswa na kisa hicho hawakuwa wakimlilia mtu aliyekufa zamani wasiyemjua. Walichokiona ni mstari mmoja wa karani uliotosha kuwanyima watoto chakula, na mtu mzima wa vizazi vya baadaye ambaye hawezi tena kufanya lolote kuhusu mstari huo. Mtazamaji mwenye bibi aliyewahi kufukuzwa mahali, kunyimwa shamba au kusingiziwa humwona bibi yake katika karatasi ile. Kwa hiyo usiyaonee haya machozi yako. Yana mwelekeo, na mara nyingi mwelekeo huo ni nyumbani kwako mwenyewe.

Mshangao wa bibi una msingi imara kuliko vijana wengi wanavyodhani. Huko Uingereza usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza mwaka 1837, na sensa inayofanyika kila baada ya miaka 10 imekuwa ikiandika majina ya watu kwa ukamilifu tangu 1841. Dola ilipoanza kukumbuka kwa niaba ya familia, familia zikaweza kusahau bila kupata hasara kubwa. Huku kwetu Iringa, Njombe na Rungwe nasaba haikuwekwa kabatini, bali ilikuwa ikitumika. Ilihitajika ili vijana wasioane ndugu kwa ndugu, ili ijulikane nani apokee mahari na nani arithi shamba, na ili wazee wajue ni makaburi yapi yaendewe wakati wa matambiko. Katika koo nyingi za Kihehe na Kibena mtoto hujifunza mwiko wa chakula wa ukoo wake akiwa mdogo, na mwiko huo humtambulisha kwa jamaa asiowahi kuwaona. Mtu aliyekulia katika utaratibu wa namna hiyo, akimwona tajiri wa London akishangilia kuambiwa jina la babu yake, ana haki ya kushangaa.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo ya nyumbani ina upande wake wa giza. Hufuata zaidi mstari wa baba. Mzee anayeweza kukutajia wanaume wa ukoo wake kwa vizazi 6 bila kusita, mwulize jina la mama wa babu yake na mahali alikotoka, na mara nyingi atakuambia tu kwamba alikuwa mke mkubwa, au kwamba alitoka Usangu. Vipindi vya televisheni vinawashinda wazee wetu hapa kwa sababu rejista na sensa zao, pamoja na upungufu wake, huwaandika wanawake pia, na watafiti huweza kufuata upande wa mama kwa urahisi karibu sawa na upande wa baba. Nakuomba usilichukue hili kama shutuma kwa bibi. Yeye mwenyewe huenda ndiye mtu pekee nyumbani kwenu anayeyajua majina ya akina mama hao.

Sasa nije kwa kaka yako, ambaye hasira yake inahitaji kugawanywa sehemu mbili. Anaposema watu hawa wanajitafutia sifa, bila shaka anafikiria visa kama cha Danny Dyer, mwigizaji kutoka mitaa ya wafanyakazi ya mashariki mwa London, aliyeambiwa mwaka 2016 kwamba anatokana na Mfalme Edward wa Tatu, aliyefariki 1377. Watazamaji wengi walifurahi pamoja naye, nami sioni ubaya wa furaha hiyo, lakini hesabu yake ni muhimu ieleweke. Kila kizazi unachorudi nyuma, idadi ya wahenga huongezeka mara mbili: wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, na ukifika kizazi cha 20 unapata nafasi 1,048,576. Wakati wa mfalme huyo watu wa nchi ile yote walikuwa milioni chache tu, kwa hiyo wahenga walewale hujitokeza katika nafasi nyingi, na mamilioni ya Waingereza wa leo wanatokana naye. Ajabu ya Dyer ilikuwa kwamba nyaraka ziliweza kuonyesha kila hatua ya njia hiyo, kwa kuwa kuwa na mfalme katika nasaba si jambo la pekee. Hapa Iringa ukikaa barazani utakutana na watu wengi wanaosema wao ni jamaa wa Mtwa (yaani mtawala) Mkwawa wa Wahehe, na huenda wengi wao wanasema kweli kwa sababu hiyohiyo, ingawa si kila mmoja anaweza kutaja hatua zote za kati.

Sehemu ya pili ya hasira yake ni nzito zaidi, na hapo namuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2014 mwigizaji wa Marekani Ben Affleck alishiriki katika Finding Your Roots, kipindi cha Profesa Henry Louis Gates kinachorushwa tangu 2012 na PBS, televisheni ya umma ya Marekani. Watafiti waligundua kwamba mmoja wa wahenga wake aliyeishi Georgia alikuwa akimiliki watumwa. Affleck aliomba habari hiyo isionyeshwe, na haikuonyeshwa. Jambo lilijulikana Aprili 2015, barua pepe za kampuni ya Sony zilizodukuliwa zilipowekwa hadharani, kwa kuwa Gates alikuwa amemwandikia mkuu mmoja wa kampuni hiyo kuomba ushauri. PBS ilichunguza, ikatamka kwamba taratibu zake zilikiukwa, na msimu uliofuata ukacheleweshwa hadi usimamizi wa utafiti uimarishwe. Affleck mwenyewe alieleza kwamba aliona aibu.

Walikuwepo watazamaji waliomkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyewamiliki watumwa wale. Hilo halikuwa haki, maana hakuna anayechagua wahenga. Walikuwepo waliomtetea kwa kusema kwamba mambo ya familia ni siri ya familia, nao waliukosa uzito wa jambo, kwani hakuna aliyemlazimisha kushiriki. Angeweza kukataa mwaliko tangu mwanzo, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichokifanya ni kukubali kuonyesha ukoo wake kwa umma kisha kuondoa sehemu moja, huku mtazamaji akiachwa aamini kwamba ameonyeshwa picha ya kweli. Katika msimu huohuo mtengenezaji filamu Ken Burns na mwanahabari Anderson Cooper walionyeshwa wahenga wao waliomiliki watumwa, nao waliipokea habari hiyo mbele ya kamera bila kuvunjiwa heshima na yeyote.

Uzito wa ufichaji huo unaonekana ukikumbuka ni nani wengine wanaokitazama kipindi kile. Mmarekani mweusi anayerudi nyuma katika nyaraka hufika sensa ya 1870, ya kwanza kuandika majina ya wote walioachiwa huru, na nyuma ya hapo njia huziba. Katika orodha za watumwa za sensa za 1850 na 1860 jina linaloonekana ni la mmiliki. Chini yake zimepangwa safu za umri, jinsia na rangi: mwanamke, miaka 30, mweusi, mtoto wa kiume, miaka 4, chotara. Mtu aliyefunguliwa ukurasa huo akijua kwamba mmojawapo wa mistari ile ni mama wa babu yake hana njia ya kumpata isipokuwa kupitia karatasi za familia iliyommiliki. Kwa hiyo mzao wa mmiliki anapoficha jina la mhenga wake, anawafungia mlango na wazao wa watu wale. Hasira ya kaka yako ikisimama juu ya jambo hili, ni hasira ya haki.

Niongeze jambo moja kuhusu vipindi vyenyewe, nalo ni kwamba miezi ya kazi ya watafiti hukatwa ikabaki saa moja, na wasio na kisa cha kusisimua huachwa kabisa. Mtangazaji Michael Parkinson alieleza mwaka 2009 kwamba ukoo wake ulionekana hauna la kusimulia, na mradi wake ukasitishwa. Usipime ukoo wako kwa kipimo hicho.

Turudi kwa baba mkubwa. Nadhani unaona sasa kwamba yeye na Affleck hawako mahali pamoja. Baba mkubwa hakukubali kusimulia kisha akaongopa, bali alikataa kusimulia. Haki ya kunyamaza anayo, na ni haki ya kuheshimiwa, hasa katika nyanda hizi, kwa sababu ambayo ni lazima niieleze kwa uwazi. Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa na vita vingi, baina ya Wahehe na Wasangu, baina ya Wahehe na Wangoni, na misafara ya biashara ya watumwa ilifika huku pia. Wanawake na watoto waliotekwa waliingizwa katika kaya za washindi. Binti aliyetekwa hivyo aliolewa au alifanywa suria bila mahari kufika kwa ndugu zake, akazaa, na watoto wake wakahesabiwa katika ukoo wa baba yao. Vizazi vikapita, na adabu ya ukoo ikawa ni kutolitaja jambo hilo, ili mjukuu wake asije akaambiwa siku ya ugomvi wa shamba kwamba yeye si mtu wa hapa. Siwezi kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake babu yenu. Ninachosema ni kwamba mzee anaponyamaza kuhusu mwanamke wa kizazi hicho, inawezekana anawalinda watu walio hai, na pengine anakulinda wewe.

Kwa hiyo usimwendee tena na swali lilelile mbele ya watu. Mwendee peke yake, umweleze unataka kuandika nini, nani atasoma, na kwamba lolote atakalosema halitaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila ruhusa yake. Akiendelea kukataa, mwachie. Lakini usikubali, wala wewe usiandike, hadithi ya kubuni ya kuziba pengo hilo, kama vile kumpa mama huyo nasaba ya kitwa ili wote wafurahi.

Namna ya kuuliza nayo ina madhara yake. Alex Haley, ambaye tamthilia iliyotokana na kitabu chake, Roots, ilionyeshwa Marekani Januari 1977 na kutazamwa na watu zaidi ya milioni 100, alikwenda Juffure nchini Gambia kutafuta asili yake, na mzee msimulizi akamtajia mhenga aliyetoweka msituni kama alivyotarajia. Baadaye wanahistoria na waandishi walionyesha kwamba habari za anachokitafuta mgeni zilikuwa zimeshafika kijijini kabla yake, na kwamba msimulizi huenda alimpa kile alichokihitaji. Hatari hiyo ipo Mufindi kama ilivyo Gambia. Ukimwuliza mzee, “Si kweli kwamba tulitoka Ubena?” atakuitikia kwa upole. Mwulize makaburi ya zamani ya ukoo yako wapi, mwiko wenu ni upi, shangazi zake waliolewa wapi, kisha unyamaze umsikilize, hata akipotoka kwenda kwenye habari za njaa au za ng'ombe, kwa kuwa humo ndimo zinamojificha tarehe.

Karatasi tunazo, ila si za zamani sana. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walianza kazi Unyakyusa mwaka 1891, na Wabenediktini walifika Tosamaganga mwishoni mwa karne hiyo, wakifuatwa na Wakonsolata mwaka 1919. Vitabu vyao vya ubatizo ndivyo hazina kubwa ya nasaba katika mikoa hii. Ukifunguliwa daftari la zamani la parokia utaona namba ya mbatizwa, tarehe, jina la ubatizo, majina ya wazazi, kijiji, msimamizi na sahihi ya padre, mara nyingi kwa Kilatini, na kwa Walutheri na Wamoravian wa mwanzo kwa Kijerumani. Tazama pembeni mwa ukurasa pia, kwani huko ndiko padre aliyefuata alikoongeza habari za kipaimara na ndoa, na huenda ukampata huko shangazi aliyeolewa mbali na kupotea. Utakuta mwandiko unabadilika au unakatika katika miaka ya Vita ya Kwanza, wakati wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa. Mwombe paroko au mchungaji kwa barua, utaje miaka unayoitafuta, na usitegemee kuachiwa daftari ukalipekue peke yako, kwa kuwa mna siri za watu wengine humo.

Wanaume waliokwenda kama manamba kwenye mkonge wa Tanga, au waliovuka kwenda migodi ya shaba ya Zambia na ya dhahabu ya Afrika Kusini, ni wagumu zaidi kufuatilia, maana karani wa ajira aliandika alichokisikia, mara jina la baba, mara la kijiji. Ukimkosa babu kwa jina la ukoo, mtafute kwa jina la baba yake. Nyaraka za serikali za enzi za Wajerumani na Waingereza zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na zinafaa zaidi kwa familia za watwa, majumbe na makarani kuliko kwa mkulima wa kawaida.

Kuhusu vinasaba, ambavyo vipindi hivi hupenda kumalizia navyo, kuwa mwangalifu. Kipimo kinachotaja asili ya mtu hulinganisha vinasaba vyake na vya makundi yaliyokwisha kupimwa, na Afrika imepimwa kidogo. Oprah Winfrey alisema mwaka 2005 kwamba yeye ni Mzulu, na mwaka uliofuata kipindi cha awali cha Gates kikamwelekeza kwa Wakpelle wa Liberia. Kipimo hicho kina nguvu kinapolinganisha watu maalumu. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba mafuvu machache kati ya 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni yalilingana na vinasaba vya jamaa walio hai Kilimanjaro. Kwa Wahehe jambo hilo lina historia yake. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, nalo lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa waliokuwa hai, na kwa tundu la risasi. Wapo wanahistoria waliotilia shaka njia hiyo, lakini waliokusanyika Kalenga walimpokea aliye wao. Hapa nchini vipimo vya vinasaba vinasimamiwa kwa sheria ya 2009 kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali, mwenye ofisi ya kanda Mbeya, na kazi yake kubwa ni mashauri ya uzazi na jinai. Havitakuambia mama yake babu aliitwa nani.

Basi anza na bibi, ukiwa na daftari la kawaida, kabla ya kuandika barua yoyote parokiani, kwa kuwa majina atakayokupa ndiyo utakayoyatafuta huko. Andika kila jina pamoja na jina la aliyekutajia na tarehe aliyokutajia, na pale wazee wawili wanapopingana andika kauli zote mbili bila kuchagua. Ukifika mwisho wa madaftari na nafasi ya mama yule bado iko tupu, iache hivyo, uandike kando yake vitabu ulivyovipekua na miaka yake, ili mtoto wa ndugu yako atakayeendelea asirudie ukurasa ambao wewe umeshausoma.